Meli Inangoja Ukimya

Simu ililia mara moja, ikakatika. Ikalia tena.

Mselem aliinyanyua bila kuvua kofia.

“Mkonge,” ilisema sauti kutoka Dar es Salaam.

“Umekauka,” alijibu.

“Sikiliza. Usiku wa leo, ukumbini. Meli iko nje ya Tongoni, bunduki zimejaa tumboni mwake. Haishushi hata msumari mpaka isikie alama.”

“Alama gani?”

“Tumenasa maneno matatu tu. Meli inangoja ukimya.”

“Ukimya wa nini?”

“Hiyo ndiyo kazi yako. Mkamate Halder. Mkamate na mtu wake, Noa. Na yule mpiga udi.”

Mselem aliihamishia simu sikio la pili.

“Umesikia? Na mpiga udi. Akiwa hai, vizuri. Asipokuwa hai, hatutalia.”

“Nimesikia.”

Simu ikakatwa.

Bwana Mkubwa wa Ofisi, mwenye sauti ile ya simu, alijua mengi. Alijua meli zote za magendo kutoka Vanga mpaka Pangani. Alijua kwamba bunduki zile zilikuja kugawiwa pande mbili za ugomvi wa makuli wa bandarini, ili mji wa Tanga uwake, na waliomtuma Halder waje kuokota bandari kwenye majivu. Lakini hili la mpiga udi hakulijua.

Mpiga udi alikuwa Taimur. Na Taimur na Mselem walinyonya ziwa moja.

Mselem alizaliwa Tongoni, mama yake akafa siku ile ile ya kumzaa. Bi Shemsa, mke wa Mwarabu mmoja mnunuzi wa nazi, alikuwa na kichanga chake mwenyewe. Akakipokea na hiki cha pili bila kuombwa mara mbili. Titi hili Taimur, titi hili Mselem. Akawalea Nguvumali, chumba kimoja, shuka moja. Ukimwambia Bi Shemsa kwamba Mselem ni mtoto wa kulea, ulikuwa hukai tena barazani kwake.

Na Bi Shemsa alikuwa amefariki juzi.

Mselem alikuwa mjini humu humu, kajichimbia chumba cha uani huko Ngamiani kwa jina la uongo. Habari aliipata kwa muuza kahawa, hivi hivi, katikati ya soga. Akaomba ruhusa akazike. Ofisi ikakataa. Mtu mmoja tu akikutambua, walisema, kazi ya miezi yote imekwenda na maji. Akajikaza kisabuni. Mama akazikwa bila yeye, naye akashinda chumbani akisafisha bastola ambayo haikuwa chafu.

Ndiyo ujasusi huo, ndugu zangu. Msiuone unameremeta vitabuni.

Mwaka ulikuwa 1957. Mabango yalikuwa yamebandikwa mji mzima: MUZIKI WA UMEME. PROFESA HALDER. BILA NOTI, BILA MAZOEZI. PAMOJA NA UDI WA TAIMUR.

Bango hilo Mselem alilisoma mara mbili. Pwani hii msiba ukiingia nyumbani, redio huzimwa mpaka kwa jirani. Hapigi mtu hata kopo, mpaka matanga yaanuliwe. Na usiku huu ulikuwa ndio wa mwisho wa matanga ya Bi Shemsa. Sasa mwanawe wa kumzaa apande jukwaani na udi? Taimur yule, aliyekuwa akilia hata kuku wa nyumbani akichinjwa?

Mwingine angesema kijana kapotoka.

Mselem alisema, kashikwa.

Nje, Asmahani, mwenzake wa kazi, alikuwa amekaa kwenye usukani wa Land Rover, buibui mpaka nyusi. Chini ya kiti alikuwa na redio ya mawasiliano. Chini ya kapu la muhogo alikuwa na bunduki ya Sten. Hakuna askari wa barabarani aliyewahi kumsimamisha mwanamke yule akaondoka na jibu.

“Wapiga muziki wote wamemkimbia Mzungu,” alisema. “Wa fidla kasema anaumwa tumbo. Wa rika kamwambia ukweli, kwamba yeye hapigi kwenye matanga ya mtu. Mzungu haelewi. Anatafuta mpiga rika kwa udi na uvumba.”

“Udi anao,” alisema Mselem. “Nipe rika.”

Asmahani alimtazama.

“Ile redio yako,” Mselem aliendelea, “iweke kwenye masafa ya Halder. Ana kibali cha kurusha muziki wake hewani, eti kwa ajili ya elimu. Usisikilize muziki. Nisikilize mimi.”

“Nikusikilize ukisema nini?”

“Sijui bado.”

Akatia bastola yake, Walther PPK, kiunoni, kanzu ikaifunika. Akashika rika, kile kitari kidogo chenye vibati pembeni, akashusha kofia mpaka machoni, akaenda zake kwa miguu.

*

Ukumbi ulikuwa nusu tupu. Mbele walikaa Wazungu wachache na makarani waliovaa tai. Wenyeji walikuwa nyuma kabisa, wamekunja mikono, wamekuja kumwona kwa macho yao mtu anayepiga udi kwenye matanga ya mama yake. Hawakuja kumpigia makofi.

Jukwaani palikuwa na meza ndefu. Tepurekoda mbili za Grundig, mkanda mmoja ukitoka kwenye hii na kuingia kwenye ile, ili sauti inayorekodiwa irudi baada ya kitambo na kujipanga juu ya mpya. Masanduku ya chuma yenye vifundo vya kuzungusha, kila kimoja na mlio wake. Maikrofoni. Mtambo wa kurushia, taa zake zikiwaka rangi ya chungwa. Na redio moja ya Telefunken iliyoachwa wazi ikikoroma, ambayo Halder aliwaambia watu kwamba nayo ni ala ya muziki.

Mselem aliitazama Telefunken ile. Hakuiamini.

Profesa Halder alikuwa mrefu, na Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni, hakina vumbi. “Wewe ni mpiga rika? Vema sana. Hapa hakuna noti. Unasikia, unajibu. Sheria ni moja. Mlio wangu utapanda, utapanda, halafu utakatika. Hapo wote kimya. Kabla ya hapo, asinyamaze mtu.”

“Naam, Profesa,” alisema Mselem, na kucheka kijinga.

Kumbe ukimya wenyewe ndio huo.

Taimur alikuwa amekaa kwenye kiti chake, macho yamevimba. Alipoinua uso akamwona Mselem, kidole kiliteleza kwenye waya. Basi. Hakuonyesha zaidi.

Mselem aliinama kama anayeomba sauti ya kulinganishia.

“Pole na msiba.”

“Msiba ni wetu sote,” alinong’ona Taimur.

Mselem alizidi kuinama. “Kwa nini uko hapa?”

“Wamemchukua Shamsiya.” Shamsiya alikuwa mkewe, mja mzito. “Wamenionyesha alipo. Nikikataa kupiga, wanammaliza.”

“Wako naye wapi?”

Buti zikasimama nyuma yao. Noa, mtu wa mashamba ya mkonge ya mbali, hakuwa na habari ya matanga wala hakuuliza. Mkono wake mmoja ulikuwa ndani ya koti.

“Pigeni,” alisema. “Msiongee.”

*

Muziki ukaanza.

Niseme kweli, mwanzo ulikuwa wa kutaabisha. Halder alizungusha kifundo, spika zikatoa mlio kama wa paka aliyefungiwa pipani. Akazungusha cha pili, ukatoka mngurumo uliotikisa viti. Karani mmoja alicheka, akakanyagwa mguu na mwenzake. Telefunken ilikoroma. Mselem alichezesha vibati vya rika, akangoja.

Kisha Taimur akaingia.

Alipiga sauti moja tu. Mkanda ukaichukua, ukairudisha. Akapiga ya pili juu ya ile ya kwanza. Taratibu, vidole vikitafuta, akafika kwenye wimbo ambao mtu yeyote mle ukumbini hakuujua, isipokuwa wawili.

Bi Shemsa aliutunga mwenyewe, wa kuwabembelezea wanawe. Hakuwahi kuuimba nje ya chumba kile. Ulikuwa safari ya usingizi: Nguvumali tumetoka, Pongwe tumeazima punda, Tongoni tumefika, tanuri la chokaa mtoto usiguse.

Taimur hakuanzia Nguvumali. Hakwenda Pongwe. Aliupiga ubeti wa mwisho. Akaupiga tena. Kila mkanda uliporudi, ulirudi na ubeti ule ule. Tongoni tumefika, tanuri la chokaa. Tongoni, tanuri la chokaa.

Mselem aliuliza wapi. Hilo ndilo lilikuwa jibu.

Tanuri lile alilijua. Lilikuwa la wajomba zake, nyuma ya mikoko, halijachoma chokaa tangu vita. Kilichomwuma si hilo. Kilichomwuma ni kwamba wimbo wa mama yao ulikuwa umetolewa chumbani kwa mara ya kwanza, na ulitolewa kwa kazi hii. Machozi yalimjaa. Akayaacha yatoke, maana mpiga muziki anayelia hashukiwi na mtu.

Vidole vyake vikaanza kugonga.

Kibati kifupi, ngozi ndefu. Nukta na vistari, lugha ya waya wa posta. Kwa Halder yalikuwa mapigo ya ajabu ya Kiafrika. Alitikisa kichwa kwa furaha na kuisogeza maikrofoni karibu na rika. Mtambo wake mwenyewe ukayabeba mapigo yale hewani mpaka chini ya kiti cha Land Rover.

TANURI CHOKAA TONGONI. MWANAMKE NDANI. NENDA.

Nje, injini ikawaka.

Maili kumi za vumbi mpaka Tongoni. Askari wa forodha walikuwa wamejificha njiani, wakingoja tu kuambiwa waelekee wapi. Sasa ilikuwa ni kurefusha muziki.

Halder hakutaka kurefusha. Mkono wake ulishaanza kupandisha kifundo, na mlio ukaanza kupanda. Mselem alihesabu kwamba Asmahani hajavuka hata mto. Mlio ukipanda ukakatika, meli itashusha mzigo, na walinzi wa tanuri hawatamhitaji tena Shamsiya.

Taimur naye alilielewa hilo. Akafumba macho, akapiga.

Yale yote ambayo hakuyalia makaburini yalitoka kwenye nyaya. Hakulia siku ya kuzika kwa sababu alikuwa mwenye msiba, wa kupokea watu na kuuliza maji yapo. Sasa alilia. Udi ulipanda pamoja na mlio wa Halder, ukaupita, ukaushika mkono, ukaushusha. Mkanda ukamrudishia kilio chake mwenyewe, naye akakijibu. Ikawa kama watu wawili wanapeana pole mlangoni.

Nyuma ya ukumbi, wenyeji walikuwa wamekunjua mikono. Mama mmoja alijifuta uso kwa ncha ya kanga.

Na Halder akaacha kupandisha kifundo.

Huyo alikuwa mwovu, lakini masikio alikuwa nayo. Maisha yake yote alikuwa akiutafuta muziki wa namna ile kwenye masanduku ya chuma, na sasa umemjia kwenye usiku wa hila. Alisimama, mkono umeganda. Noa alimtupia jicho. Halder hakumwona.

Telefunken ikakwaruza.

Ikakohoa. Kukawa na sauti ya mwanamume iliyoanza kusema neno ikakatishwa. Kishindo. Kisha, kutoka spika zote nne, sauti ya mwanamke aliyehema ikaujaza ukumbi:

“Taimur. Taimur, mume wangu, niko salama. Askari wapo hapa. Niko salama.”

Taimur aliinua kichwa. Akacheka. Kicheko kamili, cha mtu aliyeletewa maji jangwani, mle mle katikati ya wimbo wa msiba.

Halder alidhani ni sehemu ya muziki.

Noa hakudhani hivyo.

Bastola ya Webley ilitoka kotini. Mselem aliirusha rika usoni kwake, akaruka, Walther mkononi kabla miguu haijagusa sakafu. Mlipuko ulikuwa mmoja, lakini risasi zilikuwa mbili.

Noa alianguka chali.

Taimur alibaki amekaa. Udi ulikuwa na tundu, na nyuma ya tundu kanzu ilikuwa inabadilika rangi.

Watu walikuwa chini ya viti. Halder alipeleka mkono kwenye mtambo.

“Juu ya kichwa, Profesa,” alisema Mselem bila kupaza sauti. “Mikono yote. Piga magoti.”

Profesa akapiga magoti.

Mselem akampokea ndugu yake kabla hajaanguka.

“Umemsikia?” aliuliza Taimur.

“Nimemsikia.”

“Yu salama.”

“Yu salama. Usiseme sana.”

“Kesho tunaanua,” alisema Taimur. “Usikose tena.”

Mselem alimwinamia. Alimtamkia shahada sikioni, polepole. Taimur aliifuata kwa midomo, akafika katikati. Hakufika mwisho.

Lakini udi uliendelea.

Mikanda ilikuwa inazunguka. Ubeti wa tanuri ulitoka kwenye Grundig moja ukaingia ya pili, ukarudi spikani, mzima, mtamu, kama mpigaji hajaenda popote. Watu chini ya viti waliusikia. Mselem, kichwa cha Taimur kikiwa pajani mwake, aliusikia. Na huko baharini meli iliusikia. Maneno ya Shamsiya na mlipuko mabaharia walivisikia pia, lakini Kiswahili hawakukijua, wakadhani ndio muziki wenyewe.

Meli ilikuwa inangoja.

Mkanda ukiendelea kuzunguka, meli itachoka na kuondoka na bunduki zake, ije kuzishusha siku nyingine, pwani nyingine. Ikipata ukimya wake, itatuma mashua tanurini, na tanurini yuko Asmahani. Kazi ilitaka jambo moja tu. Kupandisha kifundo, halafu kuzima.

Kumzima Taimur.

Mselem aliketi pale muda mrefu kuliko inavyompasa jasusi kuketi. Ubeti ukapita. Akasema acha upite tena. Ukapita tena. Moyo ulikuwa unampasuka waziwazi, na sioni haya kulisema.

Kisha akamlaza ndugu yake sakafuni, akasimama mbele ya meza. Akashika kifundo, mlio ukapanda. Ukapanda, ukaufunika udi, ukafika pale unapoumiza meno.

Akazima.

Inspekta wa polisi alipoingia na watu wake, alimkuta Halder amefungwa kwa waya wa spika yake mwenyewe, na mtu mmoja aliyevaa kanzu yenye damu akimfunika maiti kwa kitambaa cha meza.

“Wewe nani?” aliuliza inspekta.

“Mpiga rika,” alisema Mselem, akatoka.

*

Mashua za meli zilinaswa zote tanurini, pamoja na bunduki. Asmahani hakupiga hata risasi moja, alinung’unika baadaye.

Maiti ya Taimur ilizuiwa hospitali, daktari wa polisi aandike anayoyaandika. Waliokuwa ukumbini nao walizuiwa kituoni usiku kucha waandikishe maelezo, kwa hiyo mtu wa kupeleka habari nyumbani hakuwepo. Jua lilipochomoza Mselem alikuwa kwenye kona ya mtaa, Nguvumali, kanzu nyingine, uso wazi, hana kofia wala jina la uongo.

Land Rover ikasimama. Shamsiya akashuka, tumbo mbele, chokaa kwenye nywele. Alipomwona akashika mdomo.

“Shemeji Mselem. Na wewe umekuja.”

“Nimekuja.”

“Askari waliniachia kile chombo cha kusemea cha walinzi, nikaropoka jina lake. Sikujua kama kinafika.” Alikuwa anatabasamu. “Alinisikia?”

Mselem alimtazama Asmahani kwenye usukani. Asmahani akatazama pembeni. Wote wawili walijua kwamba sauti ile ndiyo iliyomfanya Noa achomoe bastola.

“Alikusikia,” alisema.

“Akasemaje?”

“Alicheka.”

“Anacheka ovyo yule,” alisema Shamsiya kwa mapenzi, akatangulia mbele kuelekea nyumbani.

Khitma ilikuwa imeshasomwa. Barazani wanawake walikuwa wanakunja mikeka, wengine wanakusanya vikombe. Matanga yalikuwa yanaanuliwa. Bi Mwanamkasi, shoga wa marehemu tangu utoto wao, alikuwa ameshika mkeka mkubwa kifuani akitafuta wa kushika upande wa pili.

“Shikamoo, Bi Mkubwa.”

“Marahaba. Nani huyu?”

“Mselem.”

Bibi alisogea amwone vizuri. “Mwana wa Shemsa. Umekuja watu wameshamaliza, mwanangu.”

“Bi Mkubwa,” alisema Mselem. “Msikunje mikeka.”

Vikombe vikaacha kulia. Kila mwanamke barazani alimtazama, kisha mmoja baada ya mwingine wakamtazama Shamsiya aliyekuwa mbele ya ngazi. Shamsiya hakupiga kelele. Alishusha mkono tumboni, akamtazama shemeji yake muda mrefu kama anayetaka asome vizuri, akakaa chini mchangani pale pale alipokuwa amesimama. Wanawake wakamwendea.

Asmahani alikuwa amefika nyuma ya Mselem.

“Ofisi inakutaka garini sasa hivi,” alinong’ona. “Ukikaa hapa mbele za watu, huna kazi tena. Unajua.”

“Najua.”

“Niwaambie nini?”

“Waambie nina matanga.”

Akampa ile Walther, imefungwa kwenye leso. Akavua viatu, akapanda barazani, akashika ncha ya pili ya mkeka, wakautandika.